Flashi Iliyoloweshwa Pamoja na Viwavi

Vifaa vilivyoponya kompyuta yangu wiki hii vilikaa kwanza katika sufuria ya maji vuguvugu, pamoja na viwavi vikavu vya kula. Aliyeviweka humo ni dada yangu mkubwa, na ndiye aliyevihitaji kuliko mtu yeyote hapa Kolwezi.

Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa huku, anauza unga wa muhogo unaoletwa na lori kutoka Kasaji. Yeye na akina mama wenzake wa soko wamezoea kungoja kwenye depo, ghala la unga, tangu asubuhi, kwa sababu madereva wote husema neno moja kwenye simu: "Niko karibu." Nilimwandikia programu ndogo. Karani wa Kasaji anatuma ujumbe lori likiondoka, na simu ya kila mama inasoma habari hiyo kwa sauti. Akina mama walisikiliza, wakasema ni nzuri, ila izungumze Kiswahili, si Kifaransa. Yaya akasimama mbele yao na kuahidi kwamba Jumamosi itazungumza. Wasiporidhika, wangerudi kwa madereva, naye angechekwa soko zima.

Maneno niliyabadilisha Jumanne. Jumatano, nikiwa kwenye hoteli moja ambako nilikuwa nimekwenda kumhoji mtu kwa ajili ya redio ninayofanyia kazi, mtandao ulikuwa na kasi ambayo sijaizoea. Kompyuta ikaniuliza kama nataka mfumo mpya. Nikakubali, kama mtu anayekaribishwa chakula.

Nyumbani ilipowaka, kila kitu kilipendeza: rangi mpya, herufi mpya. Lakini nilipoiamuru ijenge programu, ilijibu kwamba njia ya vifaa haipo. Mfumo mpya ulikuwa umekuja bila vifaa vinavyogeuza maandishi yangu kuwa programu inayotembea. Nilikuwa kama fundi aliyepakiwa rangi karakana, halafu akakuta nyundo zimeondolewa. Dawa yake inajulikana, unavipakua upya. Ila ni faili zito, na mtandao wa nyumbani ulikuwa ukikatika kabla haujafika popote.

Alhamisi nikampigia rafiki yangu wa Lubumbashi, mwenye kompyuta kama yangu.

"Ulibadirisha mufumo, na Jumamosi uko na kazi?" alicheka. "Aba! Weye unatosha mupira ya motoka na iko inatembea?" Yaani, nang'oa gurudumu gari likiwa mwendoni.

"Cheka, lakini nitumie hivyo vifaa."

"Natuma na basi ya kesho."

Sisi watu wa kompyuta wa huku hatusumbuki sana na mtandao. Faili zito linasafiri kwa basi. Na kuna desturi: kitu kidogo hakitumwi peke yake. Bahasha nyembamba dereva anaisahau chini ya kiti, lakini chakula anakikumbuka. Kwa hiyo rafiki yangu alinunua mfuko wa viwavi vikavu, akazamisha flashi yenye faili hilo katikati, akafunga. Akanieleza kwa ujumbe, nami nikasahau kumwambia yaya, ambaye kibanda chake kiko karibu na kituo cha basi na ndiye hunipokelea mizigo.

Ijumaa mchana nilimkuta uani kwake, ameketi kando ya mbabula, lile jiko letu la makaa, akiimba.

"Mudogo, uko na rafiki muzuri," alisema. "Ametuma mboga."

"Iko wapi?"

"Iko mu maji. Unataka nipike bikavu?"

"Yaya! Mule ndani mulikuwa flash!"

"Kale kapulastiki keusi?" Alishika kijiko. "Nilizani njo kiwavi kenye kukauka zaidi."

Alikoroga, akakosa, akakoroga tena, akaipata. Akainusa.

"Uko na bahati. Chumvi bado."

Tuliipangusa kwa kanga yake, tukaiweka pembeni ya mbabula, si karibu sana. Yaya aliigeuza mara kwa mara kama samaki. Tulipoichomeka kwenye kompyuta niliyokuja nayo, ilichelewa kidogo. Kisha faili likajitokeza, zima. Nikaweka vifaa, nikakubali masharti yake, nikaionyesha kompyuta njia mpya ya kuvifikia. Nikaiamuru tena ijenge. Ikajenga. Flashi bado inanuka mpaka leo.

Jana, Jumamosi, akina mama walikusanyika depo. Karani alituma ujumbe, na simu zikasema kwa pamoja, kwa Kiswahili: "Lori limetoka Kasaji." Wakapiga vigelegele. Yaya akajishika kiuno.

Mwenyekiti wao, mama mnene asiyependa haraka, aliinua mkono.

"Simu inasema imetoka. Ni muzuri. Lakini shofere ya lori naye anasemaka. Tutaamini wakati tutaona lori."

"Mama présidente, simu haina tumbo, itadanganya juu ya nini?" yaya alimjibu, wakacheka wote.

Yaya akafunua sufuria. Tulikula viwavi na bukari, ugali wetu, tukitazama upande wa magharibi, iliko Kasaji. Jua lilipotua na lori halijafika, kila mmoja alikwenda kwake.

Asubuhi hii karani ameniapia kwamba alilishuhudia lori kwa macho yake likiondoka. Dereva hapatikani. Yaya ameshachukua ufunguo wa depo na kutoka, kwenda kungoja kama zamani. Simu bado inasema lori limetoka Kasaji, na barabarani halijaonekana.