Muzee Sikuli Hakimbii

Miaka kumi na minne Kasoki alifundisha darasa la tatu katika mtaa wa Mabanga, na hakuna mtoto aliyesinzia kwake. Alipoanza visa vyake, hata mwalimu wa darasa la pili alisogea dirishani asikie. Kwa hiyo Lionel, mchoraji wa filamu za katuni za watoto, alipomwomba amwandikie hadithi ya kuchekesha, alikubali papo hapo. Kuchekesha tu! Kuna ugumu gani?

Alileta kurasa sita. Lionel alizisoma, akatabasamu kwa adabu, kisha akakuna kichwa.

"Mama Kasoki, hapa batu wanaongea tu. Mimi nachora nini?"

"Chora midomo."

"Midomo dakika tatu?"

Kasoki alirudi nyumbani amenuna. Wiki nzima alikaa kando ya barabara ya mteremko, akiwatazama watu badala ya kuwasikiliza. Siku moja akamwona mzee mmoja ameegesha chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imesheheni kabichi, ili amsalimie mama fulani. Nyuma ya mgongo wake mzigo ukaanza kuondoka taratibu.

Ndivyo alivyozaliwa Muzee Sikuli. Katika hadithi mpya chukudu inateremka yenyewe na mtaa mzima unakimbia: watu wanaruka mitaro, wanagongana, sufuria zinapinduka. Lionel alicheka mpaka akavua miwani. Akachora mpango wa filamu, picha kwa picha, kwenye karatasi, akazibandika ukutani.

Asubuhi iliyofuata aliingia Annonciata, mama aliyekuwa akiwauzia viazi vya kuchemsha. Alikuwa ametoka milima ya Masisi na watoto wanne, vita vikiwafukuza, na sasa wanaishi kwenye kambi ya Lac Vert. Alizitazama picha moja moja. Hakucheka.

"Hawa wanakimbia nini?"

"Chukudu, mama. Ni ya kuchekesha."

"Aa. Batoto bangu wakiona mtaa mzima unakimbia, hawatauliza kama ni chukudu."

Katuni ile ilikuwa ionyeshwe Lac Vert kwa watoto haohao. Kasoki aliondoa mbio, hadithi ikalala chini kama hema lisilo na nguzo. Akaandika upya, ikalala tena. Siku ya tatu alikuwa karibu kumwambia Lionel atafute mwandishi mwingine, ndipo akajiuliza: kwani Muzee Sikuli akimbie kwa nini? Ni mtu wa adabu. Huwezi kumpita mkubwa wako bila kumsalimia, na kuuliza habari za nyumba, za shamba, za ng'ombe. Basi chukudu iende zake, naye aifuate kwa miguu, na kwenye kila mlango awepo mtu wa kusalimiwa. Kadiri anavyoharakisha swali, jibu lirefuke!

Lionel alisoma, akainuka, akabandua ukutani picha tisa za mbio.

Miezi minne baadaye ukumbi wa kanisa Lac Vert ulijaa watoto mikekani. Kwenye skrini kabichi la kwanza likaanguka. Kimya. Salamu ya pili, kimya. Kasoki alishika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili. Kwenye salamu ya tatu Muzee Sikuli alinyoosha mkono kwa heshima huku mguu mmoja ukimvuta bondeni, na msichana wa mbele akapiga kelele:

"Muzee, achana na salamu! Chukudu inaenda!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Punde watoto wakaanza kumjibu wenyewe ili wazidi kumchelewesha: "Ng'ombe hajambo! Mbuzi naye hajambo! Na kuku!" Annonciata, aliyesimama mlangoni, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kasoki alitoka nje, akaketi juu ya jiwe jeusi la volkano, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la viazi. Lionel akamfuata.

"Mama, unalia?"

"Nani analia? Nitafutie chai. Tangu jana sijatia kitu tumboni."

Chai haikupatikana upesi, kwa sababu ndani watoto walikuwa wakidai irudiwe. Siku ile ilionyeshwa mara tatu.