Gofu ya Vichwa vya Alizeti

Enzi zetu pale Kiomboi hakuna aliyetununulia mchezo. Msimu wa alizeti ukifika, wakubwa walipura kwa fimbo, mbegu zikabaki kwenye turubai, na sisi watoto tukajitwalia vile vichwa vitupu. Kichwa kilichokauka vizuri kilikuwa bapa na chepesi kama kisahani. Ukikishika ukingoni ukakizungusha, kiliruka mpaka unashangaa mwenyewe. Nywele zilijaa makapi, mikono ikanuka mafuta, na jioni tulikula ugali wa uwele kwa mlenda kama watu waliolima shamba zima. Mama alikuwa akisema, "Mikono yenu ikiona jembe inalala, ikiona takataka inaamka!"

Na mchezo ulikuwa na sheria zake, msidhani. Tulichukua kwa siri tenga la kuku la bibi, tukaliweka kule kwenye miamba nyuma ya nyumba. Unatupa kichwa chako, unakifuata kilipoangukia, unatupa tena kutoka hapo hapo mpaka kiingie tengani. Kisha tenga linahamishiwa mwamba mwingine. Aliyetupa mara chache safari nzima ndiye mshindi. Mwamba wa mwisho ulikuwa juu kabisa, mahali ambapo upepo wa Singida hauna adabu.

Bingwa alikuwa kaka yangu Elisha. Alikuwa na mkono wenye nguvu, na mdomo wenye nguvu zaidi. Mimi nguvu sikuwa nazo, ila upepo nilikuwa naujua. Tatizo langu lilikuwa moja tu: kila tukikaribia mwamba wa mwisho, sauti ilitoka jikoni.

"Naomi! Maji!"

Mtoto wa kike hakuulizwa kama amemaliza. Kisima kilikuwa kule chini bondeni. Nikirudi na ndoo kichwani, nakuta tenga limesharudishwa kwa kuku na Elisha anasimulia alivyoshinda. Utoto wangu wote sikuwahi kuumaliza mchezo ule hata mara moja. Iliniuma, na iliendelea kuniuma hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Likizo ya mwaka huu tulikutana nyumbani kumwona mama. Nikakuta mtoto wa Elisha, Amani, ambaye siku hizi ni mwalimu wa michezo, amesimika vikapu vya chuma kati ya miamba ile ile. Kila kikapu kina minyororo inayoning'inia ili kunasa kisahani cha plastiki.

"Shikamoo shangazi. Njoo nikufundishe mchezo mpya," akaniambia. "Unaitwa gofu ya visahani. Unatupa, halafu unafuata kilipoangukia..."

Nikamwacha anifundishe. Vijana wa siku hizi wana viatu maalumu na chupa za maji za kwendea nyuma ya nyumba, na wanajipiga picha kabla hata hawajatupa. Elisha naye, mvi kichwa kizima, akakunja mikono ya shati.

Kisahani kile ni kizito kuliko alizeti. Mtupo wangu wa kwanza uliishia kwenye miiba, na Elisha akacheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, wewe kachote maji tu!" Nilikunja khanga yangu vizuri kiunoni, na taratibu mkono ukaanza kukumbuka. Kikapu baada ya kikapu nikamsogelea, naye akaacha kucheka. Tulifika mwamba wa mwisho tukiwa sawasawa.

Elisha alitupa kwa nguvu zake zote, kama zamani. Upepo ukakibeba kisahani chake ukakipitisha mbali na kikapu. Zamu ikawa yangu. Niliinua mkono, na hapo hapo sauti ya mama ikatoka baraza ya nyuma, ya kizee sasa lakini ni ile ile.

"Maji yameisha huku!"

Naapa miguu yangu iligeuka yenyewe. Nilikuwa nimeshashusha mkono.

"Sikukuita wewe, Naomi," mama akasema. "Wewe maliza mchezo wako. Elisha! Chukua ndoo."

Elisha akamtazama mama, akanitazama mimi, akashuka kuchukua ndoo. Machozi yalinilenga, sifichi. Nikakielekeza kisahani kwenye jiwe la pembeni, mbali kabisa na kikapu. Amani akapiga kelele, "Shangazi, kikapu kiko huku!" Nikatupa. Upepo ukakipokea, ukakikunja polepole, ukakirudisha katikati ya minyororo. Nilirukaruka pale juu kama sina magoti yanayouma, na mama akapiga vigelegele kutoka kwenye kiti chake.

Siku hizi vichwa vya alizeti vinasagwa na mashine na hakuna mtoto anayeviokota. Tenga la bibi lilishaoza zamani. Maisha yamekuwa mepesi sana. Enzi zetu kuchota maji ilikuwa ni kwenda bondeni na kurudi mchezo umekwisha. Sasa bomba liko pale uani, na Elisha, akiwa ameinamia ndoo yake, aliisikia minyororo ikilia.