Tundu la Msumari

Mtaa mzima walimwita Koleo, lakini aliyethubutu kumwita hivyo usoni ni mama yake mzazi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemtungia jina. Alikuwa sonara. Kwa miaka ishirini na sita alikaa chini ya ngazi ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye meza iliyojaa alama za moto, akiunga mikufu iliyokatika na kupanua pete za watu walionenepa baada ya harusi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ulimi wake haukuwa na breki. Mteja akianza kumletea maneno kuhusu bei, Koleo alimrudishia hereni yake ikiwa vipande vilevile na kumwambia akaigundishe kwa mate.

Basi mwanamke wa namna hiyo alidanganywaje? Alidanganywa na mdogo wake. Huyu walimwita Bosi, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kuajiriwa na mtu wala kumwajiri mtu. Alifika asubuhi moja, meno yote nje, akafungua kitambaa juu ya meza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Jamani, hata sijakaa! Nimetumwa na mama."

Ndani ya kitambaa kulikuwa na sarafu ya mama. Koleo aliijua kabla hajaigusa. Ilikuwa sarafu ya fedha ya zamani, pana na nzito, upande mmoja kichwa cha mfalme ambaye siku hizi hakuna anayemkumbuka, upande wa pili shada la majani na mwaka chini yake. Tarakimu ya mwisho ya mwaka huo haikuwepo. Mahali pake palikuwa na tundu baya, la pembepembe, na uzi mweusi ukipita katikati. Miaka hamsini na kitu sarafu hiyo ilikuwa shingoni mwa mama, mchana na usiku.

Tundu hilo lilitobolewa na baba, naye hakuwa sonara, alikuwa mchukuzi wa magunia ghalani. Enzi hizo sarafu ya namna hiyo ilikuwa bado inanunua vitu dukani. Mama alipewa na mama yake siku alipoolewa, na habari zikawafikia ndugu watatu wa baba. Wakaja wote kwa pamoja, wakakaa, wakasema mali ya mke ni mali ya ukoo. Baba hakubishana nao. Aliokota msumari, akaiweka sarafu juu ya kizingiti, akapiga nyundo mara moja, puu! Kisha akawarushia. "Haya, ichukueni. Nendeni nayo dukani." Hakuna duka lililopokea sarafu iliyotobolewa. Walinuna, wakaondoka, na jioni ileile mama akaitia uzi na kuivaa. Ilikuwa mali pekee duniani ambayo hakuna mtu angeweza kumnyang'anya akaitumia.

"Tundu linakata uzi," Bosi alisema. "Mama kachoka kushona. Anataka ulizibe kabisa, halafu utaweka kikonyo cha kupitishia uzi pembeni. Na ile namba iliyopotea uirudishe. Ilikuwa mbili."

"Mama ndiye aliyesema mbili?"

"Mama mwenyewe. Lakini kama ni kazi ngumu, dada, niambie. Nilimwambia mama, mji huu mzima mwenye mkono wa kuifanya hii ni mmoja tu."

Hicho kilikuwa kilemba cha ukoka, tena kikubwa, na Koleo alikivaa. Ukimsifia sura angekutukana, ukimsifia kazi alilainika. Alikata kiraka cha fedha kutoka kwenye bangili kuukuu ya rangi ileile, akakipachika tunduni kwa kubana, akakilehemu kwa moto mdogo, akakisugua kwa msasa laini hadi mpaka wake ukapotea. Akaichonga ile mbili kwa kufuata mkunjo wa tarakimu za jirani, kisha akaisugua ionekane imechakaa kama wenzake. Mwisho akaifungia koponi pamoja na yai lililochemshwa na kukatwa vipande, ili mvuke wake uirudishie fedha weusi wa uzee. Siku mbili nzima hakugusa kazi nyingine. Alipoitoa, hata yeye ilibidi aitafute sehemu aliyoiziba, na alicheka peke yake kwa furaha.

"Niweke kikonyo sasa?" alimuuliza Bosi alipoifuata.

"Bado. Mama anataka kuiona kwanza."

Hapo ndipo angepaswa kumshika shati. Hakumshika.

Siku tatu baadaye alikwenda kumpelekea mama dawa za miguu, akiwa na mfuko wake wa kazi begani. Alimkuta ameketi dirishani, kiganja kimelala shingoni, kwenye ngozi tupu.

"Mwanangu, hujamaliza tu kuisafisha?"

"Kusafisha nini, mama?"

"Sarafu yangu. Nililala kidogo mchana, nikaamka uzi umekatwa. Mdogo wako akasema umeiomba wewe. Nikajiuliza, Koleo angeitaka si angekuja mwenyewe? Ila nikanyamaza. Shingo imekuwa nyepesi, naiona kama si yangu."

Koleo aliuliza swali moja tu.

"Mama, namba ya mwisho ilikuwa ngapi?"

"Nitajuaje mimi? Sikusoma. Na baba yako hakuangalia, alipiga tu."

Hakuaga. Njia nzima alikwenda akitukana kwa sauti, na watu wakampisha. Alimtukana Bosi, lakini zaidi alijitukana mwenyewe, sonara mzima wa miaka ishirini na sita, aliyepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kufunga kamba za viatu.

Sebuleni kwa Bosi makochi yalikuwa bado yamevaa nailoni za dukani. Kwenye kochi moja alikaa mzee nadhifu mwenye lenzi ndogo jichoni, na sarafu ya mama ilikuwa mkononi mwake.

"Dada! Karibu," Bosi alisema, na uso ukamwiva. "Huyu ni mkusanyaji wa sarafu. Tunaongea kidogo."

"Sarafu nzuri sana, mama," yule mzee alisema kwa heshima. "Za mwaka huu zilibaki chache, nyingi ziliyeyushwa. Na hizo chache nazo, watu walizitoboa wakafanya vidani. Iliyotobolewa tunainunua kwa uzito wa fedha yake, basi. Wapo wanaokusanya vidani vyenyewe, lakini hawatoi hela ya maana. Ila nzima kama hii! Hii ni bei ya kiwanja."

"Si nzima. Tundu nimeliziba mimi. Na hiyo mbili nimeichonga mimi."

Bosi akacheka kicheko kikavu. "Mzee, msamehe dada. Ana presha, siku nyingine anachanganya mambo."

Mkusanyaji alirudisha lenzi jichoni. Aliigeuza sarafu huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaipitisha ukucha. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Mama, nina miaka arobaini katika kazi hii. Sarafu hii haijaguswa na fundi."

Koleo hakuwahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo katika maisha yake, na ilimchoma. Ushahidi wa wizi wa mdogo wake alikuwa ameufuta yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akicheka. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Bosi ameegemea gari la mtu mwingine. Koleo aliishusha chini, akatoa koleo mfukoni mwake, akaung'oa msumari uliokuwa umeishikilia. Akatoa na nyundo. Akamnyang'anya mzee wa watu sarafu mkononi bila kuomba radhi, akaenda nayo mlangoni, akapiga magoti kwenye kizingiti.

"Dada, usifanye hivyo! Dada, nakuomba, tutagawana!"

Alipiga mara ya kwanza, ile mbili ikabonyea. Mara ya pili lehemu ikapasuka. Mara ya tatu kiraka kikachomoka na kudondoka sakafuni, kidogo kama punje, kikasimama miguuni mwa mkusanyaji. Mzee alikiokota, akakiangalia kwa lenzi, akaona nusu ya tarakimu na mstari wa lehemu umezunguka. Alivaa kofia yake.

"Ningeiuza kwa mtu anayeniamini," alisema. Alimtazama Koleo, wala hakumtazama Bosi tena. "Asante, mama." Akaondoka.

Bosi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Umetumaliza, dada! Hela yote ile! Ilikuwa yetu sote!"

"Ulimkatia mama uzi shingoni amelala," Koleo alisema.

Koleo alirudi kwa mama, akamwekea sarafu kiganjani. Mama aliipapasa kwa kidole gumba, akafika kwenye tundu, akalizunguka taratibu mara mbili.

"Limekuwa kubwa."

"Ndiyo, mama."

"Baba yako alipiga mara moja tu."

"Baba aliwapigia ndugu zake," Koleo alisema, akiitafuta ncha ya uzi kwa macho yaliyojaa machozi ya hasira. "Mimi huyu wangu nilimbeba mgongoni akiwa mchanga."

Mama aliinamisha kichwa ili uzi ufungwe, na Koleo akafunga mafundo mawili.