Sauti ya Sudhakaran Ndani ya Diski

Wifi yangu Vilasini huchapa kadi za harusi hapa nyumbani kwetu, mjini Ottapalam, na sijaona mwanamke mwoga kama yeye. Alipochoshwa na Windows iliyojaa virusi, alikaa wiki nzima akisoma habari za Linux, mifumo ya bure ya kuendesha kompyuta: Mint, Debian, Fedora, akichagua na kukataa utadhani anatafuta mchumba. Mwisho akashika Ubuntu, kwa kuwa ndiyo wanayotumia shuleni kwa binti yake.

Hofu yake niliijua. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya mumewe, kaka yangu Sudhakaran, aliyejirekodi kwa simu akiimba mwaka aliofariki. Simu ilishakufa. Nakala ilikuwa kwenye flashi, na flashi hiyohiyo Vilasini aliifuta ili aweke Ubuntu. Alikumbuka baadaye, akalia. Kufikia hapo Windows nayo ilikuwa inaganda kabla ya kufungua chochote.

Siku yenyewe alitaka kuanza mapema. Mama akamzuia.

"Hii saa ya Rahu, saa mbaya. Kitu kipya hakianzwi."

"Mama, ni kompyuta, siyo harusi!"

"Hata kompyuta. Ngoja ipite."

Tukangoja. Ilipopita, mawingu ya Oktoba yalikuwa yameshatanda.

Akawasha kompyuta kwa ile flashi, ikaja sehemu ya kuchagua: futa diski yote, au weka pembeni ya Windows. Vilasini akaniita karibu, mkono juu ya mausi.

"Wifi, nisomee tena. Nikikosea hapa nimemuua mara ya pili."

"Pembeni. Bonyeza pembeni. Na maneno hayo usiniambie!" Nikamwonyesha kwa kidole.

Akabonyeza. Mstari ukaanza kusogea, na chini yake onyo: usizime kompyuta. Haujafika nusu, radi ikapiga nyuma ya nyumba. Mama, kama mama yeyote wa hapa ngurumo zikianza, akapita akichomoa nyaya zote: televisheni, friji, kompyuta.

Kioo kikawa cheusi.

"Mama! Umefanya nini?" Nilimfokea mama yangu mzazi.

"Nimechomoa. Mnataka iungue na yeye yumo humo?"

Na sauti yenyewe Mama alikuwa hajawahi kuisikiliza. Alisema moyo wake hautaweza.

Radi ilipotulia tukawasha. Windows haikutokea, Ubuntu haikutokea. Yalikuja maandishi meupe tu, yakisema hakuna cha kuwasha. Vilasini akaketi sakafuni. Niliogopa kumtazama, na niliogopa zaidi kumtazama Mama, aliyekuwa ameanza kuelewa.

"Nimemfuta?" Mama aliuliza.

Vilasini akainuka, akawasha tena kwa ile flashi. Safari hii alichagua "jaribu kwanza", maneno ambayo mwanzo aliyaruka kwa haraka zake. Ubuntu ikafunguka kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Akaitafuta diski, akaikuta, na faili lilikuwa mlemle. Akalibonyeza amefumba macho.

Kaka yangu akaimba. Katikati ya ubeti ikasikika ngurumo, siyo ya nje bali ya mle ndani ya wimbo. Akaacha kuimba, akapaza sauti:

"Mama! Radi hiyo, chomoa waya!"

Mama alikuwa amesimama, mkono ameuegemeza ukutani.

"Nimeshachomoa, mwanangu," akamjibu.