Sahani Chini ya Robine

Mtaa wa mama yangu uko juu ya kilima, upande wa Kolwezi ambako bomba la maji linaishia. Kila nyumba pale ina desturi moja. Robine ya uani, pale maji yanapotokea, inaachwa wazi tangu asubuhi, na chini yake inawekwa sahani ya bati iliyogeuzwa kifudifudi. Maji yakija, sahani inalia. Anayesonga ugali wa bukari, anayetwanga majani ya sombe, anayesukwa nywele kwa jirani, wote wanaacha walichoshika na kukimbilia bidoni, madumu yao ya maji. Nimekulia kwenye mlio huo. Hata leo mtu akiangusha kifuniko cha sufuria, miguu yangu inataka kukimbia.

Kazi yangu ni kuendesha pampu bondeni, kwenye kituo kinachosukuma maji hadi mitaani. Nilipoajiriwa, mama aliwatangazia jirani zake kwamba sasa maji yatakuwa ya kwetu. Walimcheka, na walikuwa na haki. Miaka ilipita, binti yake yuko kwenye pampu, na yeye bado anapanda kilima kutoka kisimani na bidoni kichwani. Goti lake moja likaanza kumkatalia. Nilikuwa naona aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira upesi.

Umeme ndio uliotushinda. Migodi inahudumiwa kwanza, sisi tunapewa kilichobaki, saa chache za asubuhi. Na hizo chache tulikuwa tunazitupa wenyewe. Pampu yetu ilikuwa na nguvu kuliko mabomba yake, kwa hiyo waliotutangulia walizoea kubana vali ili mabomba yasipasuke. Pampu inakula umeme wote, halafu nguvu inaishia pale kwenye vali, ikitetemesha chuma. Maji yaliyofanikiwa kupita yalimwagika kwenye robine zilizoachwa wazi katika mitaa ya chini. Watu wanaacha wazi kwa sababu maji hayafiki, na maji hayafiki kwa sababu wanaacha wazi. Sikujua nimlaumu nani, na mimi napenda kuwa na mtu wa kumlaumu.

Mkuu wetu wa kituo, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu, alikubali tuifungue pampu. Tulitoa lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, tukalipeleka kwa fundi wa kuchonga vyuma, akalipunguza ukingo wake pande zote. Tulipolirudisha tukafungua vali yote, jambo ambalo sikuwahi kuliona pale. Pampu haikutetemeka. Mzee aliweka kiganja juu yake kama anayempima mtoto homa.

"Ona vile inatulia," akasema. "Ilikuwa inateseka bule."

Umeme iliokula ulipungua sana, na maji yaliyotoka yakaongezeka. Zikabaki robine. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikaomba itangazwe kanisani baada ya misa, nikagombana na nusu ya mji. Mbishi kuliko wote alikuwa mama yangu.

"Mama, funga robine. Mukifunga bote, maji itapanda mpaka huku."

"Na ikikuya mi siko?"

"Itakuya kila asubui. Mi njo naituma."

"Basi, kama njo weye unaituma," akasema, akaichukua sahani na kuipeleka jikoni.

Na maji yakapanda. Yalifika kwa mama asubuhi moja, yana kutu na yanakohoa, halafu yakawa meupe. Nilikuwa na furaha ambayo sitaki hata kuieleza. Mama alipanda mchicha wa lenga-lenga pale maji yanapodondokea. Bidoni zake zote aliwagawia wapwa zake wa Tenke, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba binti yake yuko kwenye pampu.

Kisha bwana mmoja wa umeme akaja kuangalia mita. Tungeweza kumwacha aangalie na aende zake. Lakini tulikuwa tumejaa majivuno, mimi na mzee, tukampa kiti, tukamwonyesha vali iliyo wazi na jinsi pampu inavyokula kidogo. Alitusifu, akatushika mkono sote wawili.

Haukupita muda mrefu, umeme ukaanza kukatika kabla maji hayajafika nusu ya kilima. Mzee alimpigia simu yule bwana wa umeme, nami nikasogeza sikio.

"Tata, mulisema mweye munatumika na umeme kidogo," sauti ile ile ilijibu, kwa heshima kabisa. "Ile ingine bakubwa banapatia migodi."

"Kidogo, lakini kwa ile masaa yote," mzee akasema. "Hatukusema mukate masaa."

"Ni bakubwa, tata. Mi natumwa tu."

Nilitaka turudishe gurudumu kama lilivyokuwa zamani, angalau lisukume kwa pupa katika muda tuliobakiziwa. Mzee alinionyesha vumbi la chuma lililobaki kwenye gunia tulilolifungia gurudumu. Tulikuwa tumelikata, na lililokatwa halioti. Mashine iliyokosewa ningeitengeneza. Hii haikuwa na kosa, na hilo liliniuma zaidi.

Watu wa mitaa ya chini walifungua robine zao tena, na sikuwa na uso wa kuwakataza. Jumapili moja nilipanda kwa mama. Sahani zilikuwa zimerudi kila uani. Kwake robine ilikuwa imefungwa, imekazwa sana, na lenga-lenga ilikuwa imekauka. Bidoni moja, ya kuazima, ilikuwa mlangoni. Mama alikuwa ameketi kando yake anasugua goti.

"Mama, mbona umefunga?"

"Ulisema tufunge."

"Bengine banafungua."

"Bengine mutoto yabo haiko ku pompe."

Nilitamani anitukane. Niliingia jikoni, nikaitafuta ile sahani, nikaikuta chini ya vyungu. Nikaiweka mahali pake, nikafungua robine hadi mwisho. Haikutoka hata hewa.

"Basi, kama njo weye unaifungua, kesho maji haitakuya," mama akasema.

Nilichukua bidoni ya kuazima, nikashuka nayo kisimani.