Kuzima na Kuwasha Si Kutengeneza

Ipo siku isiyonitoka kichwani, mwanangu, na leo kompyuta hii ilipogoma umenikumbusha kwa hilo neno lako, "izime tu, uiwashe." Nyinyi vijana mtaniua na hilo neno!

Nilikuwa kijana hapa hapa Kaloleni. Macho yangu yalishakufa, unajua, na kazi zangu zote nilizifanya kwa kompyuta inayonisomea kwa sauti. Programu zake zilikuwa zile za bure, ambazo yeyote anaweza kuzifungua na kuzirekebisha. Nzuri sana, ila kompyuta ikisinzia, inaamka haina sauti. Kwako huo ni usumbufu. Mimi nilikuwa kama nimefungiwa nje ya nyumba yangu.

Jirani yangu Wafula alikuwa fundi na rafiki. Nikimwita anakuja mbio, anachomoa spika, anachomeka. Mwishowe akaniwekea kitufe cha kuanzisha sauti upya. "Imeisha hiyo, buda!" Imeisha wapi? Muziki ulirudi, ndiyo; ile sauti ya kunisomea mara irudi, mara igome. Nilipomwambia, alicheka: "Si ubonyeze tena."

Basi nikaitiwa mtihani wa kazi, wa kufanyia nyumbani, kwa saa zilizopangwa. Kazi ya mshahara, mwanangu! Katikati mtu akabisha, nikaenda mlangoni. Kurudi, kompyuta kimya. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya! Kuizima nako niliogopa, majibu yangu yote yangepotea. Wafula naye yuko soko la Burma anakula nyama, simu hapokei. Nilikaa pale mpaka muda ukaisha, nikalia kwa hasira.

Jioni alikuja na pole nyingi na kitufe kipya. Mama yangu akamsimamisha mlangoni.

"Ulishawaambia wenye hiyo programu kwamba ni mbovu?"

"Mama Musyoka, haina mwenyewe. Ni ya watu wote."

"Kwani wewe si mtu?"

Ikabidi aketi, atafute. Akakuta watu chungu nzima mtandaoni wanapeana vitufe kama chake, tena wanashukuriana! Hakuna hata mmoja aliyewaandikia watengenezaji. Akawaandikia yeye. Wakamuuliza maswali mpaka akanuna. Akajaribu walichomtumia, kikakataa, akajaribu kingine. Toleo lililofuata, kompyuta ikaamka inaongea.

Lakini kazi ile alishapewa mtu mwingine.

Sasa nisikilize. Ukipata njia ya mkato, itumie, sikukatazi. Mtu lazima afanye kazi yake leo. Ila usiishie hapo. Waandikie watengenezaji: kimeharibika nini, kinaharibika lini, umejaribu nini. Hujui kuandika programu? Andika maneno. Na mtu akikwambia bado haijapona, jamani, msadiki! Njia inayokutosha wewe inaweza kumwacha mwenzako gizani na riziki yake ikapita.

Haya, vuta kiti tuwaandikie watengenezaji wa hii iliyogoma leo. Mungu akupe subira ya kumaliza unachoanza, na siku utakayosema bado inauma, akupe watu wa kukuamini.