Ngazi Haikuteleza

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti nimevaa ovaroli mpya ya buluu niliyoshonewa na mama mdogo, cheti changu cha ufundi bomba nimekifunga ndani ya gazeti kisichafuke. Ilikuwa upande wa Kashozi, kwenye shule ya bweni ya taasisi ambayo sitaitaja jina. Waliohusika wanajijua. Bwana Majengo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa matengenezo yote, alinitazama juu chini, akakitazama cheti, akanipeleka nyuma ya bweni. Kulikuwa na ngazi imeegemezwa ukutani. Nikaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza.

"Shuka, binti," akasema. "Mwanamke hapandi paa. Wewe utashika ngazi."

Kwetu Buhaya ndivyo wazee walivyosema, na wengi wanasema hivyo mpaka leo: mwanamke akipanda juu ya nyumba, ameitia nyumba mkosi. Mkosi gani, hakuna anayekueleza. Nilishuka nikashika ngazi, na nimeishika mpaka kustaafu. Ninyi vijana mnaoniuliza kwa nini bado nina hasira, anzieni hapo.

Aliyepanda alikuwa Projestus, au Ta Projestus kama Wahaya tunavyomwita mwanamume kwa heshima, kijana wa Maruku niliyeajiriwa naye pamoja. Cheti hakuwa nacho lakini mikono alikuwa nayo, sina ubishi na hilo. Kazi yetu kubwa ilikuwa magata. Gata ni ule mfereji wa bati au plastiki unaopita ukingoni mwa paa. Unapokea mvua, unaipeleka kwenye bomba la kushuka, nalo linaipeleka kwenye tangi. Mvua yetu mnaijua. Mtu mgeni atadhani huku maji hayawezi kuwa shida. Lakini gata likiziba, mvua yote inamwagikia ukutani, plasta inavimba, na kiangazi kinakuta tangi tupu, wanafunzi wanabebeshwa ndoo kwenda bondeni. Linazibwa na majani ya mikaratusi, viota vya ndege, vumbi la barabarani, na kule karibu na ziwa wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakafia juu ya bati kwa madebe.

Kwa ngazi kazi ilikwenda hivi. Fundi anapanda na mwiko na ndoo yenye kamba, anachota tope, anateremsha ndoo, anashuka, mnasogeza ngazi, anapanda tena. Mshika ngazi naye ana kazi yake, ingawa hakuna aliyewahi kuiita kazi. Miguu ya ngazi ikikaa karibu mno na ukuta, mtu anaanguka kinyumenyume. Ikikaa mbali mno, inateleza. Ardhi ikiwa imelowa unatanguliza ubao chini. Unakaza kwa unyayo na mikono miwili, macho juu kwa fundi. Tope linakumwagikia usoni na huachii mkono kujifuta. Nimekula tope la majengo mengi.

Baada ya miaka tulihamishiwa Muleba, mimi na Ta Projestus, kwenye tawi lililokuwa na zahanati na hosteli ya wasichana. Tulijenga jirani. Mkewe, Ma Georgia, akawa wa karibu nami kuliko dada zangu wa kuzaliwa. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, tulimenya pamoja, kahawa tulianika pamoja, misa ya Jumapili tulikaa benchi moja.

Hapo Muleba tulikuwa chini ya Mkuu wa Utawala, bwana nadhifu, mpenda wageni. Na ni wageni waliotuletea ile mashine ya kufyonza. Ina pipa la kupokea uchafu, mpira mnene, na fimbo nyepesi za kuchomekana moja juu ya nyingine hadi zifike kwenye gata, ya mwisho imepinda kama mpini wa mwavuli. Juu kuna kamera ndogo, na wewe chini unaangalia kwenye kioo. Wageni walitaka kuiona ikifanya kazi. Mkuu akaniita mimi, maana nilikuwa nimeshasoma maelekezo ya mashine. Nilisafisha gata zima la zahanati kwa mikono yangu mwenyewe, miguu yangu ikiwa chini, na hakuna mkosi uliomshukia mtu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa umri wangu.

Sisemi mashine inaweza kila kitu. Tope lililokauka mpaka likaota nyasi halitoki, lazima ulilowanishe kwanza au upande ulibandue kwa mwiko. Umeme ukikatika imekufa. Gata lililolegea misumari litataka mtu na nyundo. Lakini kwa majani, viota na tope bichi, yaani kazi ya kila wakati, hakuna sababu ya binadamu kuning'inia ukutani. Kinachoweza kufanyika chini kifanyike chini. Ngazi ibaki ya matengenezo, na kabla hujapanda gonga fisha bodi, ule ubao unaoshikilia gata, usikie kama umeoza ndani.

Wageni walipoondoka, Mkuu aliamuru mashine ioshwe, ifunikwe turubai, ifungiwe stoo. Nilikwenda ofisini kumwuliza.

"Mama, kitu cha thamani hii hakichezewi kila siku," akaniambia. "Wageni wakirudi waikute nzima."

Funguo akaitia mfukoni mwake. Sisi tukarudi kwenye ngazi. Damu inanichemka hata sasa ninapoandika, kwa sababu mashine ilitunzwa isichakae, na watu wakaachwa wachakae.

Vuli moja mvua zilianza na hosteli haina maji tangini, gata la nyuma limeziba. Mkuu alikuwa Bukoba kwenye kikao. Nilimpigia simu kuomba funguo ya stoo. Nikamweleza kwamba ule ukuta wa nyuma umelowa muda mrefu, mbao zake siziamini. Akajibu kwamba ngazi ipo na Projestus yupo, sasa tatizo langu ni nini. Nikamwomba Ta Projestus tusubiri Mkuu arudi. Alicheka, akasema mashine ni za wavivu, akapanda.

Niliikaza ile ngazi kwa nguvu zangu zote. Alichota ndoo moja, akanyoosha mkono kuifikia kona, akashika fisha bodi ili ajivute. Ubao ulimeguka kama mkate uliolowa. Gata, ubao na mtu vikaja chini ubavuni kwangu. Ngazi ilibaki imesimama palepale, mikono yangu juu yake. Alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea na mkongojo.

Kikao kiliitishwa. Mkuu hakugusia funguo hata kidogo. Alisema fundi akianguka anayeulizwa ni aliyeshika ngazi. Mwingine akadakia kwamba wanawake macho yao yanahamahama. Nilieleza habari ya ubao, nikaeleza habari ya simu, wakasema tumngoje mgonjwa aseme mwenyewe. Mgonjwa akasema hakumbuki. Alikuwa ameahidiwa ulinzi wa getini, kazi ya kukaa kwenye kiti, basi akanyamaza, nami nikaangushiwa jumba bovu mchana kweupe. Projestus, mtu anayekumbuka nani hakuchangia msiba wa nani huko Maruku, eti hilo moja ndilo lililomtoka.

Lakini kikao ningekivumilia. Kilichoniuma ni Ma Georgia. Aliamini kwamba mimi ndiye niliyemwangusha mumewe. Alihama benchi letu. Siku nilipomfuata na kukaa nyuma yake, padri aliposema tupeane amani alimpa mkono aliyekaa kulia kwake, akampa aliyekaa kushoto, akageuka akampa aliyekaa pembeni yangu, mimi akaniruka. Nilirudi nyumbani nikalia. Kuanzia hapo hakunisalimu tena, na watu wengine wa kijiji wakajifunza kwake.

Nilipostaafu walinifanyia hafla. Mkuu alisimama akanisifu kwa uvumilivu, akanivisha kitenge mabegani. Uvumilivu! Nilikula chakula chao, nikaondoka. Getini Ta Projestus alinifungulia huku anatazama viatu vyake. Ile mashine bado iko stoo. Juzi nimesikia wageni wengine wameletwa, turubai likafunuliwa, wakapiga picha, likafunikwa tena. Vijana mlioingia kazini sasa, msianze kwa kuuliza nani atashika ngazi. Ulizeni funguo ya stoo iko kwa nani, na mkiambiwa kuna tatizo gani, kaeni chini mgome kupanda.

Sasa niwaambie la mwaka huu. Masika yalipokaribia, gata la nyumba yangu liliziba. Wanangu wako Mwanza. Fundi niliyemwita aliahidi kesho, na kesho, na kesho. Nikachukua mpini wa jembe nikagonga fisha bodi zote, nikazisikia nzima. Nikaegemeza ngazi, nikatanguliza ubao chini, nikafunga kitenge vizuri juu ya suruali, nikapanda. Ilikuwa saa watu wanarudi sokoni. Walisimama barabarani kunitazama. Mzee mmoja akaniambia nishuke, naitia nyumba mkosi. Nikamjibu kwamba nyumba ni yangu na mkosi wake nitaula mwenyewe.

Nikahisi ngazi imekazwa. Kutazama chini, ni Ta Projestus, naye sasa amestaafu. Alikuwa ameutupa mkongojo, amekaa chini kwenye tope, ameikumbatia miguu ya ngazi kwa mikono miwili. Ma Georgia alikuwa nyuma yake, kikapu kichwani, anamwuliza ana wazimu gani wa kujichafua vile.

"Siku ile ngazi haikuteleza," Ta Projestus akamwambia mkewe, bila kuinua kichwa. "Ubao ulioza. Huyu alinikataza kupanda, nikapanda. Nilinyamaza kwa ajili ya kile kiti cha getini."

Ma Georgia alitua kikapu polepole. Msije mkasema nimesamehe, sijasamehe. Nilichota tope mwiko mmoja, nikalitia kwenye ndoo, nikashika kipandio vizuri.

"Ta Projestus," nikamwambia, "huku juu sisikii. Sema kwa sauti."

Akarudia kwa sauti, neno kwa neno, mpaka yule mzee wa barabarani akasikia. Ma Georgia akasogea, akashika mguu wa pili wa ngazi, uso wake ameuficha ukutani. Nikamwambia mumewe bado sijasikia, akarudia tena.

Nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza.